Kupe wa Mkwe Wangu

Ulikuwa mwaka ule watu wa Johannesburg walipoiogopa polony. Wengine watasema elfu mbili kumi na nane. Mimi naukumbuka kwa tumbo. Redio ilisema ile nyama laini ya kukata vipande imeingiwa na ugonjwa, na siku mbili hazikupita friji za maduka zikawa tupu kama fizi za mtoto mchanga. Spaza, kile kiduka cha pembeni mwetu, hapa Observatory chini ya kilima, iliendelea kuuza kota, ile robo ya mkate inayochimbwa tumbo ikajazwa chipsi, lakini juu ya chipsi hakukuwa tena na polony, ni yai. Jumatatu yai, Ijumaa yai. Mjukuu wangu alipeleka shuleni mkate na yai mpaka wenzake wakaanza kumwita kuku. Sisi wakubwa tulirudi kwenye sombe, ndiyo kisamvu, na dagaa kama watu waliotubu.

Kwa hiyo mwelewe furaha yangu siku mkwe wangu alipoingia na paja zima la swala.

Mkwe wangu ni mume wa binti yangu wa pekee. Sote tumetoka Baraka, kule Kongo kwenye ziwa. Hapa alikuwa akifanya kazi kwenye bucha ya Mzungu mmoja, kukata nyama na kukausha biltong, ile nyama ya chumvi ya kutafuna kavu. Baridi ikiingia, huyo mwenye bucha na rafiki zake hupakia magari wakaenda kaskazini, kwenye mashamba ya wanyama, kuwinda. Mwaka ule walimchukua mkwe wangu. Wao wanapiga risasi, yeye anamburuta mnyama kwenye nyasi, anachuna, anapasua. Mimi kanisani nilisema tu, "Mkwe wangu ni mwindaji." Sikusema kama anashika kisu au bunduki. Aliyetaka kujua zaidi angeuliza.

Paja lile nililigawa kwa wamama watano wa kwaya, na kila mmoja nilimpelekea mwenyewe, kwa mkono wangu, ili anione uso.

Lazima niseme jinsi tulivyokuwa tunaishi, la sivyo hamtaelewa upumbavu uliofuata. Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono. Hatukalii kiti kimoja, hata kama mwenzako alikiacha tangu asubuhi. Yeye hanioni nikila, mimi simwoni akila. Akisema nami anatazama chini na ananitaja kwa wingi, "Mama, mmeamkaje?" kana kwamba niko watu watatu. Nguo zake za ndani sijui ni za rangi gani, na nikifa sitaki nimwambie Mungu kwamba najua.

Sasa, heshima hiyo ilitengenezwa kwa watu wenye viwanja na nyumba mbilimbili. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na baraza, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kwa wapangaji. Kati ya chumba chao na changu hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia nililoshona mwenyewe. Nikitaka kupita nakohoa, yeye akitaka kupita anakohoa. Mgeni akitutembelea alidhani nyumba nzima ina kifua. Lakini tuliweza. Miaka mitano tuliweza, na mimi nilijivuna sana. Watu wengine wakifika Johannesburg wanaacha kila kitu kwenye basi; mimi nilisema kwangu hapana.

Wiki moja baada ya lile paja la swala, mkwe wangu alirudi kutoka kazini kabla ya saa sita mchana, akapita pazia bila kukohoa. Hapo nikajua kuna jambo.

Alikuwa anatetemeka. Kichwa, alisema, kichwa kinampasuka nyuma ya macho. Viungo vyote vinauma kama mtu aliyepigwa na wanajeshi. Binti yangu alipotoka saluni jioni alimshika paji la uso akasema, "Malaria." Mimi nikasema, "Malaria." Jirani wa chumba cha nyuma, Mrundi, hata hakuingia, alisikia tu mlangoni akasema, "Hiyo malaria." Sisi watu wa ziwa homa tunaijua moja. Nikafungua sanduku langu, nikatoa vidonge vya malaria ambavyo dada mmoja wa kanisa aliniletea kutoka nyumbani, maana sisi hatumwachi mtu aje Johannesburg mikono mitupu: wengine wanaagiza chumvi ya kwao, sisi tunaagiza vidonge. Nilimpa. Nilijiona daktari.

Siku ya kwanza homa haikuteremka. Siku ya pili haikuteremka. Siku ya tatu, Jumamosi, mwanaume mwenye kifua kama kabati alishindwa kuinua kikombe. Macho hakuweza kuyafungua kwa mwanga. Binti yangu alilia, akavaa, akaenda saluni akilia, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku vichwa vyote vya Johannesburg vinataka kusukwa na bosi wake hana huruma. Aliniachia mume wake.

Nilikaa barazani kwenye cherehani yangu, mgongo kwa pazia kama inavyotakiwa, nikiuliza bila kugeuka.

"Baba, unaendeleaje?"

"Niko tu, Mama. Msihangaike."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

Mjukuu wangu alikuwa ndani. Akapita kando yangu akasema, "Gogo, anadanganya. Hajakunywa."

Huyu mjukuu alikuwa na miaka kumi na moja. Kiswahili anakielewa chote, hasa kile kikali, lakini mdomoni kinamtoka kwa shida, kimepakwa Kiingereza na Kizulu. Ananiita Gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu, nilishachoka kukataa. Kichwani ni mwepesi kuliko sisi wote tukifungwa pamoja, na hilo nalisema mbele ya mtu yeyote.

Simu ya baba yake ikalia. Mjukuu akaipokea. Alisikiliza, akasema yes, akasema no, kisha akaziba simu na kiganja.

"Gogo, ni bosi wa Papa. Mwenye bucha. Anauliza kwa nini Papa hajaja kazi."

"Mwambie ana malaria."

Akamwambia. Upande wa pili nikasikia sauti ya mwanaume ikipanda kama mtu aliyekanyagwa.

"Anasema si malaria, Gogo. Anasema, pale walipoenda, kuna kupe. Wadogo sana, kama pilipili manga. Mwenzake mmoja wa kuwinda naye ameumwa hivyohivyo, yuko kwenye dawa sasa. Anasema tuangalie mwili wote wa Papa. Tutafute doa leusi, kama mtu amezimiwa sigara. Anasema linakaa mahali pa kujificha."

"Pa kujificha wapi?"

Akauliza. Akajibiwa. Akaona aibu, mtoto, akatazama viatu vyake. "Anasema... huku," akaonyesha kinena juu ya sketi, haraka, "na huku kwapani, na nyuma ya magoti. Anasema twende kliniki leo leo. Eish, Gogo, amekasirika."

Nilisimama. Kupe? Kupe namjua, ni wa ng'ombe. Nimemng'oa kwa vidole nikiwa mtoto na kumpasua kwa kucha. Sikuwahi kusikia anamlaza chini mwanaume mzima. Lakini yule Mzungu alikuwa amekwenda pori lile miaka mingi kuliko sisi. Nikatazama saa ya simu. Kliniki Jumamosi inafunga saa saba. Ilikuwa saa tano na nusu. Binti yangu saluni, simu yake inaita haipokelewi, mikono iko kwenye nywele za watu.

Nikakohoa, nikasimama mbele ya pazia.

"Baba, una kidonda mwilini?"

Nikasikia anavuta blanketi.

"Nakuuliza wewe. Una kidonda cheusi?"

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "tafadhali, mtoke. Msubiri mama wa mtoto arudi."

"Mama wa mtoto atarudi jioni. Kliniki haimsubiri. Una kidonda au huna?"

"Mama, heri nife."

Ndipo nikaelewa. Siku tatu huyu mtu alikuwa anajua kuna kitu kwenye mwili wake na hasemi, kwa sababu kila alipotaka kusema mimi nilikuwa nimekaa barazani, hatua nne, nimetega mgongo. Heshima yangu ndiyo ilikuwa imekaa juu ya mdomo wake. Nikamwona binti yangu amevaa nguo nyeusi na huyu mtoto hana baba, na mimi nimesimama kanisani nikisema, alikufa vizuri, hakunivunjia adabu hata siku moja.

"Basi kufa," nikamwambia. "Kufa na suruali yako. Tutakuzika nayo, na mbele ya watu wote nitasema mkwe wangu aliuawa na mdudu mdogo kuliko punje ya mtama kwa sababu aliona aibu. Au sikiliza. Mimi nageuka. Natazama ukuta. Mtoto anakwenda nje. Nakupitishia kioo cha mkono chini ya pazia. Wewe unajitazama mwenyewe, unaniambia. Mimi sioni kitu, wewe huonyeshi kitu. Kwani maneno yana mapaja?"

Nikasikia kitanda kinalia. Nadhani alicheka, au alikohoa. Nikamtoa mjukuu nje, nikasukuma kioo cha saluni cha binti yangu chini ya pazia, nikageukia ukuta. Kwenye ukuta ule kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Ningeweza kuwachorea kila tarehe.

Alichukua muda mrefu. Anapumua, anapumzika.

"Kwapani hakuna, Mama."

"Endelea."

"Nyuma ya magoti siwezi kupaona."

"Endelea huko unakokujua."

Kisha akasema, na hakunitaja kwa wingi mara hiyo, alisahau: "Mama, usigeuke, kipo. Pale paja linapoishia. Cheusi katikati, pembeni chekundu. Nilidhani ni jipu. Ni kama mtu amenizimia sigara."

Nilikaa chini kwenye kiti chake. Nilikikalia hivyohivyo, na mwiko wake.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dada Mkenya anayefanya kazi benki, na Jumamosi huwa nyumbani anaogesha gari lake kama mtoto. Sikumwita kwa adabu. Nilipiga kelele kutoka getini. Alikuja na povu mikononi. Yeye na Mrundi wa nyuma ndio waliomshika mkwe kila mmoja upande wake. Mimi nilibeba blanketi na kutembea mbele, nisione. Njia nzima mpaka kliniki kila robot, zile taa za barabarani, ilikuwa nyekundu. Yule Mkenya aliniita bibi kwa lugha ya kwao: "Shosho, tulia, tutafika." Nikamwambia, "Mimi si Shosho, mimi ni mama mkwe, endesha."

Tulifika dakika ishirini kabla ya kufunga. Nesi wa pale alikuwa mama mnene mwenye sauti ya bendi. Nilishaandaa karatasi zetu za ukimbizi mkononi, maana huwa wanaanzia hapo. Yeye alianzia kwenye paji la uso la mkwe wangu, akamvuta nyuma ya pazia, na sekunde haikupita nikamsikia akisema "Aha!" kama mtu aliyepata ufunguo wake.

Akatoka, akaniuliza kupitia mjukuu tulimpa nini siku hizo tatu. Nikasema kweli. Alimtoboa kidole kwa kipimo cha malaria. Hakukuwa na malaria. Kisha akanitazama.

"Anasema, Gogo," mjukuu akatafsiri, na alikuwa anafurahia, "anasema dawa za kwenye sanduku lako zilale kwenye sanduku. Anasema hii ni homa ya kupe. Kama tungengoja tena siku nyingi ingemwingia vibaya. Lakini ina dawa nzuri. Mara mbili kwa siku, amalize zote, hata akijisikia mzima."

"Atapona?"

Mjukuu hakutafsiri swali hilo, aliliuliza kwa macho tu. Nesi akanipiga begani kwa mkono mzito. "Atapona, Mama," akasema kwa Kizulu, na hata mimi nilielewa.

Mjukuu alikuwa amesoma kwenye simu tukiwa njiani kuhusu ugonjwa mwingine wa kupe unaoitwa Lyme, unaokula viungo na kufanya uso upinde, akamuuliza nesi kwa woga kama baba yake anao. Nesi akacheka. Huo, alisema, wawindaji wa Marekani na Ulaya ndio wauogope. Kupe wa huku wana ugonjwa wao, na huo mmoja unatosha. Lakini kinga ni ileile kila mahali: asikuume. Akafundisha palepale, huku anavaa koti lake la kuondoka. Suruali iingie ndani ya soksi. Dawa ya kufukuza wadudu ipulizwe kwenye nguo na viatu. Ukitoka porini, jikague mwili wote siku hiyohiyo, uoge, nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Ukimkuta ameshika, chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja. Usipake mafuta ya taa. Usimchome. Hapo nilitazama pembeni, kwa sababu mimi kwenye gari nilikuwa nimeshapanga mafuta ya taa.

Homa iliteremka siku ya pili ya dawa. Nilikuwa barazani asubuhi, nasikia jua mgongoni, nikamsikia anaomba uji. Nusu saa baadaye akaomba tena. Kisha akakohoa, akapita pazia kwa miguu yake mwenyewe, mwembamba, macho chini, akasema, "Mama, mmeamkaje?"

"Tumeamka wote watatu," nikamjibu.

Binti yangu alikuwa nyuma yake, akaanza kucheka akashindwa kuacha, akashika mlango. Nikacheka na mimi. Nililia pia, lakini nilikuwa nimeinamia cherehani, nani aliona.

Msimu uliofuata bosi wake alimwita tena, na yeye alitaka kwenda. Sikumzuia, kazi ni kazi. Lakini nilikwenda Fordsburg, kwa wale Wahindi wenye marobota ya vitambaa mpaka darini, nikanunua amerikani nyeupe nzito. Nyeupe, ili kupe aonekane kama pilipili manga juu ya ugali. Nikashona soksi ndefu za kuvaa juu ya kiatu mpaka goti, mpira juu, mpira chini, na suruali isiyo na mwanya. Kipimo alichukua binti yangu, mimi nikiita namba kutoka upande wa pili wa pazia. Mkwe alisimulia kwa simu kwamba wale wawindaji walimcheka wakasema bibi arusi amefika. Siku ya pili porini mmoja akahesabu kupe kumi na wawili wakipanda kwenye nyeupe ile, amewaona wote, amewapangusa wote. Siku ya tatu wakaagiza kwangu jozi saba. Watu wa kwaya niliwaambia jioni hiyohiyo.

Na nyumbani tuliweka sheria. Nyuma ya nyumba Mrundi alisimamisha turubai na karai kubwa. Mkwe akirudi hapiti barazani. Anaingia turubaini, nguo zinaingia ndooni, maji yanayochemka juu yake. Binti yangu anamkagua na taa ya simu, na kichwa anakichambua kwa kitana cha mkia, kile cha kugawia nywele saluni, mstari kwa mstari. Sisi wengine tunangoja mbele mpaka aseme, "Safi!"

Baridi hiyo ya elfu mbili kumi na tisa, siku waliporudi, mkwe alikuwa nyuma anaoga wakati gari kubwa lililomleta lilikuwa bado limesimama getini. Akashuka mwenye bucha mwenyewe. Sikuwa nimemwona kabla. Mtu mrefu, kaptura, magoti mekundu, nyasi zimeganda kwenye soksi zake za sufu, na begani amebeba mguu wa kudu, yule swala mkubwa wa huku, ulio mzito kuliko mjukuu wangu. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amekuja kumsalimia bibi wa soksi nyeupe, na alitaka kuingia anywe chai.

Mnajua kwetu mgeni ni nani. Mgeni mwenye nyama. Bosi wa mkwe wako, mtu ambaye simu yake ndiyo iliyookoa nyumba. Wapangaji wote walikuwa wametoka kwenye milango yao. Binti yangu alikuwa amekwisha kukimbilia ndani kuchukua kile kiti kizuri.

Nikaweka mkono kwenye geti.

"Mwambie," nikamwambia mjukuu, "mtu wa porini haingii kwangu na nguo za porini. Avue, aoge, ndipo tusalimiane."

Mjukuu akageuka, akasema kitu kifupi, kitamu, akitabasamu. Mzungu akacheka, akafuta buti zake kwenye nyasi za getini, akapiga hatua. Sikuondoa mkono.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia karibu, ila viatu, Gogo. Gogo, please. Huyu ni bosi wa Papa."

"Mimi Kiingereza sikijui, lakini najua urefu wa maneno yangu. Nimekupa marefu, umetoa mafupi."

"Gogo, siwezi kumwambia mtu mkubwa avue!"

"Mama," binti yangu akanong'ona akiwa na kiti mikononi, "unatuaibisha."

Nikamtazama yule mtu machoni. Nikaonyesha soksi zake, nikaonyesha turubai kule nyuma, mvuke ukipanda. Nikasema polepole, moja kwa moja kwake, maneno yaleyale, bila mkalimani:

"Mtu wa porini haingii kwangu na nguo za porini. Avue, aoge, ndipo tusalimiane."